Ruhusa ya Chiriku Kukimbia

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima na mapenzi. Natumaini mgongo umekupa nafuu, na shemeji hajambo na kazi zake. Sisi huku tu wazima. Binti yako Chiriku, anayesoma huku kwangu, ametimiza miaka kumi na mitatu bila kupunguza maneno. Mwalimu amemhamishia dawati la mbele. Mwenyewe anadai ni kwa sababu anasikika vizuri.

Uliniuliza kazi yangu mpya ni ipi hasa. Napima damu inavyopita kichwani mwa watoto. Mtoto analala kitandani, nampaka mafuta mazito ya baridi kwenye panja, naweka kifaa kidogo hapo, na mashine inatoa sauti kama upepo unaovuma kwa mapigo. Hakuna maumivu. Kundi moja la watoto limefanya mazoezi wiki kumi na mbili, kukimbia na kuruka kamba. Jingine limeendelea na maisha yake ya kawaida. Tunataka kujua kama mazoezi yanabadili mtiririko huo. Daktari wetu, mama asiyependa kukurupuka, anasema ni mapema. Damu ya kichwani hubadilika yenyewe mtoto anapokua, hivyo si kila badiliko ni la mazoezi. Wengine namba zao zimesogea, wengine wapi. Ila waliokimbia sasa wanapanda ngazi zetu bila kuhema.

Chiriku hunisubiri kwenye korido ya kazini akitoka shule, akiwatazama dirishani watoto wanavyozunguka uwanja. Wiki iliyopita aliniuliza, macho yakiwa kule kule nje, kama kichwa chake kitapasuka akikimbia. Nikasema hapana.

“Sasa mbona mama anasema damu yangu haifiki kichwani?”

Jibu nilikuwa nalo. Nilimwambia tu tutamuuliza daktari.

Kesho yake nikampeleka kwa daktari. Akampima moyo na presha, akakuta viko sawa. Kisha, nilipomtajia, akauliza kuhusu siku ile alipozimia uwanjani, akiwa na miaka saba: alikuwa amekula nini? Chiriku akanigeukia mimi, kwa kuwa yeye hakumbuki.

Dada, siku zile ulikuwa umelazwa hospitali, ukaniachia mtoto. Jioni alisinzia kabla sijapika, nikamwacha alale. Asubuhi nilichelewa kuamka, nikamvalisha haraka haraka, akaenda shule bila hata chai. Uliponiuliza, nilisema amekula. Ulipoamua kuwa kichwa chake ni dhaifu na asikimbie tena, nikanyamaza. Nimenyamaza miaka sita, nikikuona unawaandikia walimu barua wasimpeleke uwanjani.

Nilimwambia daktari yote, Chiriku akisikia. Daktari alisema huenda ilikuwa njaa na jua tu, na kwamba akijiunga na kundi lijalo la mazoezi watamwangalia kwa karibu. Njia nzima ya kurudi nyumbani Chiriku alitangulia mbele yangu. Tulipofika mlangoni aliniuliza kitu kimoja: kama wewe unajua. Nikamwambia bado.

Fomu ya ruhusa ya mzazi imo ndani ya bahasha hii. Bila sahihi yako hakimbii, na sitakulaumu ukiirudisha tupu. Ukikataa, nitamweleza mimi, na nitaanzia kwenye kosa langu.

Nisalimie shemeji. Hata jibu la hasira nitalipokea kwa mikono miwili.

Ni mimi, mdogo wako, ambaye ulimwamini.