Maiti Anayepumua

6 Aprili

Mwanangu Kiranja,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi nipo. Goti linasumbua nikipanda ngazi, na mashine ya kushonea ya baba yako bado iko dirishani na kitambaa chake juu, sijapata moyo wa kuifunika. Ukiniuliza kwa nini naandika wakati simu ipo, ni kwa sababu kwenye simu mimi na wewe tunaishia kulia na hatuelewani. Karatasi inanivumilia.

Nimekwenda kuiona filamu yenu, ile baba yako aliyoigiza mzimu kabla hajafariki. Najua niliapa sitakanyaga. Jirani wa chini, yule muuguzi, alinishika mkono akasema twende mchana, watu wakiwa wachache, na kama nitashindwa tutatoka. Nikajikaza kisabuni nikaenda.

Sasa wewe uliyesomea mambo haya, hebu nisaidie. Mshumaa wa yule mpwa wa mwenye nyumba uko karibu kwisha anapopanda ngazi, akifika chumbani umerefuka. Nje mvua inapiga mabati, wageni wanaingia wakavu. Mzimu wenu anapita kwenye ukuta bila shida, halafu kwenye mlango wa chini anabisha hodi na kungoja kama mgeni mwenye adabu. Muuguzi ndiye aliyenichosha zaidi. Kila daktari akitokea yeye anaguna. Tulipofika chumba cha maiti akanong'ona, tena kwa sauti, kwamba hajawahi kuona chumba cha maiti chenye kioo juu ya sinki kama kwa kinyozi. Humo nani anajitazama?

Halafu ndiyo tukamwona baba yako amelala pale mezani, ametolewa kisimani, na kifua kinapanda na kushuka. Mtu wa nyuma akasema, "Mwamsheni huyo, atachelewa kazini." Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Hata muuguzi alicheka, kisha akanitazama akaficha uso.

Mimi sikucheka. Nimelala pembeni ya kifua kile tangu nikiwa mwari, nakijua kinavyopanda. Lakini mahali pengine, mwanangu, nilimtazama yule mzimu mwenye koti nikaona simjui. Mgongo ni wake, kisha mgongo si wake. Nilitoka kichwa kinaniuma. Niambie kweli, yupi ni baba yako, Fundi wangu, na yupi siye. Sitaki kumlilia mgeni.

Mama yako


15 Aprili

Mama, shikamoo.

Nimefurahi kuona mwandiko wako, na nimecheka kuhusu mshumaa mpaka wenzangu wakaniuliza kulikoni. Pole na goti. Mimi afya ni njema, usingizi ndio haba. Mwambie muuguzi kwamba kile kioo kilimpendeza mwongozaji, na mwongozaji akipenda kitu hakuna daktari atakayekiondoa.

Umeuliza, nami nimekosa namna ya kukwepa. Filamu haipigwi kwa mfuatano, Mama. Mwisho unaweza kupigwa kwanza na mwanzo baadaye. Baba alipofariki sehemu nyingi za mzimu zilikuwa bado. Wakatafuta mtu mwenye mabega kama yake, wakampiga picha kwa nyuma na gizani, wakamchanganya na Baba. Hakuna aliyekuambia. Mimi ndiye niliyestahili kukuambia, na nilishindwa.

Kuwatofautisha ni rahisi, na sababu ni ubishi wa mumeo. Unakumbuka kisa: mwenye nyumba anasukumwa kisimani, na katika purukushani kifungo cha pili cha koti kinang'oka, mpwa wake anakiokota, muuaji anajulikana. Kwa hiyo koti la mzimu lisiwe na kifungo cha pili hata mara moja. Kazi yangu ndiyo hiyo, kulinda mwendelezo: kilichokuwapo picha ya kwanza kiwepo ya pili, kisichokuwapo kisiwepo. Kila asubuhi nilikikata kile kifungo. Kila tukitoka kula nilikikuta kimerudi, kimeshonwa imara. Baba alikuwa na sindano chini ya ukosi na uzi mfukoni. Nikificha kifungo, anatoa kingine. Nilimwambia, Baba, umekufa, umetupwa kisimani. Akanijibu, "Ndiyo maana. Siwezi kulazwa mbele za watu na koti limeachama kama la mlevi, watasema fundi gani huyu." Ndipo akaanza kuniita Kiranja, maana nilimpekua kila siku kama mwanafunzi mtukutu.

Kwa hiyo ukiona kifungo cha pili kipo, huyo ni Baba. Na kwenye chumba cha maiti ni yeye pia. Ile ndiyo ilikuwa siku yake ya mwisho kazini. Aliambiwa azuie pumzi, picha ikawa ndefu kuliko kifua chake. Mwongozaji aliridhika na sura yake, akasema tutaitumia hivyo hivyo. Baba alipoinuka alisema kufa ni kazi ngumu, apewe nyingine. Kesho yake asubuhi ulinipigia simu ya msiba.

Kuna jambo jingine, na sitaki ulisikie kwa watu. Filamu imekubaliwa ionyeshwe kwenye kumbi nyingi zaidi, na makosa yake yamekuwa kichekesho mitandaoni. Watu wanamchezesha Baba akipumua, wanamwekea na muziki. Bosi ameagiza makosa yote yasafishwe. Siku hizi kompyuta inafuta kifungo kama unavyofuta chaki, na kifua kinachopanda kinaweza kutulizwa. Kazi nimepewa mimi, kwa kuwa mimi ndiye ninayeyajua.

Binti yako


24 Aprili

Mwanangu,

Salamu sana. Mimi sijambo, na barua yako nimeisoma mpaka mikunjo imelegea.

Nilikwenda tena, safari hii peke yangu. Nilikaa karibu na pazia nikangoja kifungo. Kilipotokea nilisema kimoyomoyo, karibu, Fundi. Kilipopotea nikapumzisha macho, maana nilijua yule mwingine yuko kazini kwake. Kumbe amenijia mara nyingi kuliko nilivyodhani. Ngazini ni yeye. Kwenye dirisha la jikoni ni yeye, na pale ametazama pembeni kama anavyotazama mteja aliyechelewa kuja kuchukua nguo. Palipo na kosa ndipo alipo. Palipo sawasawa hayupo.

Sasa unaniambia mnasahihisha.

Mwili wake tumeuzika. Sauti yake sina, hakuna aliyefikiria kumrekodi hapa nyumbani tulipokuwa tukigombana kuhusu chumvi. Picha za ukutani zimeganda, katika zote anatazama kamera kama anayedaiwa jibu. Duniani kote pamebaki mahali pamoja tu ambapo yule mtu anapumua. Na wewe, damu yake, ndiye uliyetumwa kumkata pumzi.

Waache wacheke. Yeye mwenyewe alipenda kuchekesha, angejua angevuta pumzi kwa nguvu zaidi. Tangu tumzike sijakuomba kitu chochote, hata kuja nyumbani sikukulazimisha. Nakuomba hiki. Vifungo vichukueni mkitaka, nitavumilia. Kifua mwachieni.

Mama yako


19 Mei

Kiranja,

Hujambo? Sijapata jibu, na simu yako inaita mpaka inachoka.

Nje ya ukumbi wamebandika bango jipya. Limeandikwa kwamba filamu inarudi, imeboreshwa. Nilipita na kikapu changu bila kusimama, kisha nikarudi nikasimama. Baba yako hayupo kwenye bango, kuna mkono tu na kisima.

Kama umeshafanya, sema umefanya. Kunyamaza kwako kunanitesa kuliko jambo lenyewe.

Mama


3 Juni

Mama, shikamoo. Naomba uisome hii ukiwa umekaa.

Nimefanya.

Barua yako ilifika kabla sijaanza, kwa hiyo siwezi kusema ilichelewa. Niliichukua nikaenda nayo kwa bosi. Si mtu mbaya. Aliisoma yote, akavua miwani, akanipa pole ya kweli. Kisha akasema watu wanaingia ukumbini waogope, na maiti anayepumua anawachekesha, na filamu si ya familia yetu peke yetu. Akasema kama naona ni nzito atampa mhariri mwingine. Nikamfikiria huyo mwingine, asiyemjua, anakula karanga huku mkono wake ukipita juu ya kifua cha Baba. Nikasema nitafanya mwenyewe.

Nilianza na vifungo. Kila nilichofuta nilimwona akinikunjia uso. Kifua nilikiacha mwisho. Nilichukua picha moja, pale hewa imeshatoka na mabega yamelala, nikaitandaza juu ya kifua katika nyingine zote. Nilipoichezesha alikuwa amekufa kabisa. Siku ya msiba nilikuwa na shughuli nyingi, Mama, wageni, viti, gari. Nilikuwa sijamwona amekufa mpaka mimi mwenyewe nilipomfanya maiti. Nilikwenda chooni nikajifungia, nikalia mpaka mfagizi akagonga.

Ndiyo maana sikujibu. Nilikuwa naanza barua, nikifika kwenye shikamoo nakwama.

Lakini kuna sehemu moja sikuigusa. Bosi amekagua kazi yote na kuipitisha, maana naye anatazama pale wanapotazama wote. Akija kugundua kibarua changu kitaota nyasi, na sitajitetea. Sitaiandika hapa. Filamu ikianza, nenda. Mkifika chumba cha maiti, usimtazame yeye.

Binti yako


28 Juni

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi sijambo, goti ni lile lile. Muuguzi anakusalimu, ingawa amekataa kuiona filamu mara ya pili.

Nilikwenda jana. Ukumbi ulikuwa umejaa, nikapata kiti cha mbele pembeni. Mmeisafisha kweli. Wageni wanaingia wamelowa, mshumaa unakwisha inavyotakiwa. Mzimu habishi hodi tena. Ngazini koti halina kifungo, dirishani halina. Nilimtafuta Fundi kila mahali, nikawa kama niliyeingia kwenye nyumba iliyohamwa, naona tu alama za fanicha ukutani. Nitakuambia ukweli kwa kuwa wewe umeniambia wako: nilikuchukia. Haikuwa kwa muda mrefu, lakini nilikuchukia.

Kisha tukafika chumba cha maiti. Amelala. Kifua kimetulia kama meza aliyolazwa. Hakuna aliyecheka, na kule kutocheka kulinikata maini. Nusura niinuke nitoke. Ndipo nikakumbuka ulivyoniandikia, nikayaondoa macho yangu kwake, na hilo lilikuwa gumu, mwanangu, kumwondolea macho.

Nikatazama kile kioo juu ya sinki, kile muuguzi alichokidharau. Yumo, vile vile alivyolala mezani. Ni mdogo, yuko pembeni, sehemu ya uso imekatwa na ukingo. Koti limefungwa vifungo vyote. Na kifua kinapanda.

Mwanamke aliyekaa nyuma yangu alimshika mwenzake. "Yule wa kwenye kioo anapumua," akasema. Walioko karibu wakamsikia, wakatazama. Mtu mmoja upande wa kushoto akaanza kulia kwa woga. Filamu yenu imetafuta kuwatisha watu tangu mwanzo, na imewatisha pale tu mlipokosea.

Mimi sikuogopa. Alipovuta pumzi nilivuta, alipoitoa nikaitoa, mpaka picha ilipobadilika.

Watu watalizungumza hili, na bosi wako atasikia. Akikufukuza, njoo nyumbani. Kitanda chako kipo, na mashine ya baba yako nimeifuta vumbi, unaweza kukaa pale dirishani ukafikiria la kufanya. Usimwombe bosi msamaha kwa lile.

Naishia hapa. Nataka kuwahi onyesho la mchana kabla wakubwa zako hawajamwona.

Mama yako