Vidonge Ambavyo Sikumeza

Kakuma,
Jumatano, 15 Aprili.

Mpendwa dada Akeno,

Ejok, dada, hujambo? Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Kanamkemer, Lodwar, na kwamba kikohozi cha mwanao kimepoa. Mimi nala na kutembea. Lakini kabla hujaendelea kusoma, geuza bahasha. Nimeifunga kwa ugali na kuchora mistari mitatu ya kalamu juu ya kifuniko chake. Kama mistari haikutani, basi imefunguliwa njiani. Nimempa jirani yetu Adeng, ambaye anakuja Lodwar kumwona daktari wa macho. Ni mtu mwema, ila siku hizi hata watu wema nawatazama mara mbili. Simu iliyopo hapa ninapokaa ni ya shangazi Namuria, na kila nikiishika yeye hupata kazi ya kufanya karibu nami.

Dada, nina mimba ya miezi mitatu. Nimeliandika upesi neno hilo kabla mkono haujakataa.

Baba wa mtoto ni Levis, kijana wa kibanda cha fotokopi hapa stendi. Alinitolea nakala za cheti changu bila malipo, akanitazama usoni nilipokuwa nikisema. Unajua aibu yangu. Nilidhani mtu akikutazama hivyo amekupenda.

Nilipomwambia, alikuwa na jibu kabla sijamaliza sentensi. Kesho yake aliniletea vidonge vinne amevifunga katika nakala iliyoharibika ya kitambulisho cha mtu. Alisema vinauzwa sokoni, wasichana wengi wamevitumia, nisijifanye mtoto aliyelelewa na masista. Nilimuuliza jina la dawa. Akacheka, akasema naulizauliza kama mwalimu wa zamu.

Shangazi sikuwa nimemwambia kitu. Hata hivyo akaanza kunipa maziwa kila asubuhi, akawa ananinyang'anya mtungi wa maji, akawaambia wateja wa duka lake kwamba nimechoka na masomo. Masomo gani, na shule nimemaliza Novemba? Siku moja nilikuwa natafuta chekeche, nikakuta ndani ya pipa la unga shali ya mtoto mchanga, ya mitumba, imefuliwa na kukunjwa vizuri. Hapo nikaikumbuka desturi yetu. Mtoto ambaye mahari ya mama yake haijatolewa ni wa babu yake. Shangazi hakujaliwa kuzaa, na baba hajawahi kumnyima dada yake kitu. Nikajiona kama mbuzi jike anayelishwa vizuri kwa sababu ya kilicho tumboni.

Nilikwenda zahanati kwa siri. Muuguzi anaitwa Chepkemoi. Alisema vidonge visivyojulikana vinaweza kuniua kwa kutokwa na damu, na kwamba sheria inaruhusu mimba kutolewa pale tu mhudumu aliyefunzwa anapoona maisha au afya ya mama iko hatarini. Alisema naweza kulea mwenyewe, au kumtoa mtoto alelewe na wengine, ila jambo hilo lina ofisi yake na mahakama yake, si la kunong'onezana jikoni. Kisha akaniuliza mimi nataka nini. Dada, huyo ndiye niliyemshuku kuliko wote. Kila mtu alikuwa na jibu lake, kwa nini yeye hakuwa nalo? Nilitoka nikiamini shangazi amempitia kwanza.

Basi nikafanya ujanja, kwa kuwa kuuliza waziwazi siwezi. Nilimwambia Levis nimevimeza. Akasema asante Yesu, akaninunulia soda, akauliza kama kuna mtu nimemtajia jina lake. Kama naumwa, hakuuliza. Wiki iliyofuata kibandani alikaa mtu mwingine. Wanasema Levis yuko Lokichoggio kwa mjomba wake.

Uongo huohuo nikampelekea shangazi mchana dukani. Alikuwa akimpimia sukari mteja mmoja wa kambi ya wakimbizi, Mamer. Sukari yote ilimwagika. Aliniuliza damu ni kiasi gani, na kabla sijajibu alishasimamisha bodaboda. Tuliacha duka wazi, Mamer akipiga kelele nyuma yetu kwamba mama, pesa nimpe nani, nimpe mbuzi? Njia nzima shangazi alinishika kiunoni kama mzigo unaotaka kuanguka.

Chepkemoi alinipima, akaniuliza polepole nimemeza nini. Nikatoa ile karatasi. Vilikuwa vinne, vyote. Shangazi alivitazama, akanipiga kofi moja, kisha akavua leso yake akanifunga. Vidonge nilimwachia muuguzi.

Tukiwa tunarudi kwa miguu nilimuuliza kuhusu shali. Hakukana. Alisema atamwomba baba ampe mtoto, mimi niende chuo, na hakuna atakayenicheka. Nikauliza mtoto atamwita nani mama. Akajibu kwamba mtoto humwita mama yule anayemkuta jikoni.

Nimelipima neno hilo siku nne. Shangazi ananipenda, niliona sukari chini. Lakini upendo wake ukishika hauachii. Nyumbani kuna hasira ya baba na ndimi za majirani, na chuo kitangoja sijui hadi lini. Naviogopa vyote. Hata hivyo, Chepkemoi aliuliza nataka nini, na jibu ninalo sasa. Nataka niwe mimi anayekutwa jikoni. Nimemwambia shangazi hivyo. Hajanijibu, lakini leo maziwa ameleta.

Limebaki moja, na hili ndilo linalonitia haya kuliko mimba. Wiki iliyopita nilikuandikia barua nyingine. Niliandika kwamba mimba imetoka, nikingoja kuona kama utashukuru kama Levis au utauliza damu. Wewe, uliyenibeba mgongoni hadi nikawa mzito kuliko mtungi! Nilishaifunga na kuichorea mistari. Adeng alipokuja kuichukua nikamwambia bado, nikaichana. Nisamehe. Nimechoka kuwatega watu.

Jumamosi nitapanda gari la asubuhi. Njoo stendi ya Lodwar, twende kwa baba pamoja. Nitasema mwenyewe, wewe ukae tu karibu. Ukikosa nafasi, nitatembea peke yangu hadi nyumbani, wala sitalihesabu kuwa jibu.

Msalimie shemeji, umbusu mtoto. Baba usimwambie kitu, mwambie tu kwamba nakuja.

Mimi mdogo wako,
Akoru