Siri ya Jirani Niliyoiandika kwenye Barua ya Ruzuku

Mpendwa mshauri, nakuomba unisaidie maana sina tena pa kuuweka uso wangu. Mimi ni fundi cherehani, na kwa miaka minane nimepanga chumba ukuta kwa ukuta na mwanamke mmoja, dobi, ambaye kwangu alikuwa zaidi ya dada. Mwaka juzi mwanawe wa miaka mitatu alitumbukia kwenye mtaro ulio wazi mbele ya nyumba yetu akafa, na baada ya mazishi aliniambia jambo ambalo hata mumewe hakulijua, kwamba siku ile mtoto alikuwa akimsumbua na yeye kwa uchovu akamwambia, "Hebu toka nje, niache nipumue," akafunga mlango. Akaniapisha nisiseme, nikaapa.

Basi zikatangazwa ruzuku ndogo kwa wakazi wanaotaka kutengeneza mitaa yao, tukaunda kamati, mimi nikawa katibu, tukaomba ya kufunika mtaro tukakataliwa, ofisa wa ruzuku akasema barua yetu ni kavu, haimgusi mtu. Mara ya pili nikaandika yote, mtoto, mlango na maneno yenyewe ya mama yake, sikutaja jina lakini mtaani kwetu ni mtoto gani mwingine aliyefia mtaroni? Tukapewa. Mtaro ukafunikwa, watu wakanisifu mpaka nikavimba kichwa. Siku ya uzinduzi mgeni rasmi akaitoa barua akaisoma kwenye kipaza sauti, na dobi alikuwa kasimama mbele kabisa na mumewe. Aliposikia "niache nipumue" hakulia, alinitazama tu. Mumewe akamuuliza mbele za watu, "Ni kweli?" Akaitikia kwa kichwa. Tangu hapo mume kahamia kwa kaka yake, na dobi ananipita kama nguzo. Lakini watoto wa mtaa mzima sasa wanacheza salama, je, hilo si kitu? Nifanyeje anisamehe?

Fundi niliyeaibika

*

Fundi, pole, ingawa pole yangu ya kwanza naipeleka chumba cha pili.

Watoto kuwa salama ni kitu kikubwa, tena huenda mngekipata kwa ruhusa ya mama huyo. Hukumuuliza kwa sababu ulijua atakataa. Usijifiche nyuma ya watoto wa watu.

Leo hii nenda kwa mumewe. Mwambie, "Shemeji, mkeo alisema neno ambalo kila mama aliyechoka huwa analisema. Aliyeuacha mtaro wazi si yeye." Akikufokea, nyamaza umsikilize, kisha urudie. Kesho iambie kamati kwamba uliandika bila idhini, jiuzulu ukatibu, na uende kwa yule ofisa uombe barua ile isisomwe tena popote.

Baada ya hapo ndipo uende kwa dobi, peke yako, mikono mitupu, maana najua ulishafikiria kumshonea gauni. Mwambie, "Nilikuuza, na nilijua ninachofanya." Ukitaka kuongeza "lakini," meza mate.

Msamaha usiuombe. Huyo mama kanyang'anywa mengi, usimdai na hilo. Inawezekana asikusemeshe tena mpaka mnazeeka, na hakuna ushauri wangu utakaolibadilisha hilo. Wewe msalimie kila asubuhi kwa heshima, na wala usisimame kungoja jibu.