Ukurasa wa Tisa Hatukuupata

Mama yangu,

Shikamoo. Najua anayekusomea hii ni Neema. Neema, hujambo mpwa wangu. Soma polepole na usiruke kitu. Utafika mahali ambapo mjomba wako anajivua nguo mbele za watu. Hapo ndipo upandishe sauti.

Ningeweza kupiga simu. Nimepiga mara nne wiki hii, Mama, na mara zote nne tumeongea habari za mvua. Unaniuliza kama huku Igoma imenyesha, nakwambia imenyesha, nakuuliza huko kisiwani Nansio, unasema manyunyu tu, halafu Dada Sabina anakuita ukale. Mdomo wangu huu unaojua kuongea mbele ya watu mia tatu, kwako unakuwa mzito kama nimeumwa na nyuki. Basi nimeona niandike. Na kwa kuwa wapo wengine watakaoisoma barua hii, nitakueleza ni akina nani, itabidi nisimulie hata yale unayoyajua kuliko mimi. Nivumilie.

Unazikumbuka zile karatasi? Ulikuwa unauza karanga pale Kirumba, karibu na wanakoshusha dagaa, na karanga zinataka karatasi za kufungia. Ukawa unanunua makaratasi chakavu kwa kilo kutoka kwa yule mzee aliyezunguka maofisini: mitihani ya zamani, majalada, vitabu vilivyoliwa na mchwa, vingine vimekatika katikati, vingi vyao vya kurudufu, vimechapwa upande mmoja tu wa karatasi. Wauza karanga wenzako walikuwa wanachana tu na kufunga. Wewe hapana. Alasiri, ukishamaliza kukaanga, ulitandika mkeka uani, ukamwaga mzigo wote, ukaanza kuchambua kama mtu anayechambua mchele. Kusoma ulikuwa hujui, lakini namba ulizijua, soko lilikufundisha. Ulitazama namba iliyo chini ya ukurasa, ukatazama ukubwa wa herufi, ukapapasa karatasi yenyewe kwa kidole gumba, halafu ukasema, "Hizi ni ndugu. Zisitengane." Zilizokuwa ndugu ulinipa mimi. Zilizokuwa yatima zilikwenda kufunga karanga.

Hivyo ndivyo nilivyosoma, mimi niliyeishia darasa la saba. Nusu ya kitabu cha injini za mitumbwi. Kitabu cha ushonaji kisicho na jalada. Umeme wa majumbani, kuanzia ukurasa wa kumi na mbili. Magonjwa ya kuku. Hata hukumu za mahakama nilisoma, nikawa najua mambo ya mipaka ya viwanja kuliko mwenyekiti wetu wa mtaa. Sikuchagua fani yoyote. Mzigo wa wiki ulikuja na nini, wiki hiyo nilikuwa mwanafunzi wa hicho.

Siku moja kitabu cha redio kikaruka kutoka arobaini na tano kwenda arobaini na saba. Nililia, na nilikuwa na miaka kumi na minne, lijitu zima. Ukakumbuka kwamba asubuhi ulifunga karanga kwa karatasi ya rangi ile ile, ukampa mchukuzi mmoja wa samaki mwenye kofia nyekundu. Ukavaa kandambili, huyo, ukashuka mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki. Nilikufuata kwa mbali kwa sababu nilikuwa naona haya. Nikakusikia ukimwambia, "Baba, karanga wewe kula, ila karatasi nirudishie, mtoto anaitafuta." Wachukuzi walicheka mpaka wakakaa chini. "Jamani, Mama Mabula karanga anauza, karatasi anaazimisha!" Ukacheka nao. Ukarudi na ukurasa wa arobaini na sita, umekunjwa mara nne, una mafuta na chumvi. Mimi nilikwishatangulia nyumbani, nikajifanya sikutoka.

Na kuku wa Mama Koku, jirani yetu yule Mhaya? Waliposinzia, nikajifanya daktari. Nilikuwa na ukurasa wa nane wenye dalili, na ukurasa wa kumi wenye kiasi cha dawa. Wa katikati, ule wa kueleza dawa inachanganywa na maji kiasi gani, haukuwepo. Nikaona si neno, nitakisia. Nikawanywesha dawa yenye maji kiduchu, na kuku kumi na mmoja wakalala moja kwa moja. Ulivaa kitenge chako ukaenda mwenyewe kwa Mama Koku, mimi nikiwa nyuma ya mlango. "Jirani, tumekukosea," ulisema. "Ukurasa wa tisa hatukuupata." Hukusema Mabula hakuupata. Mama Koku alikutazama, akashindwa hata kukasirika. "Haya, mkiupata mniletee na mimi," akasema, "maana jogoo bado ninaye."

Nimekaa na neno lako hilo wiki nzima, Mama. Hatukuupata. Kila nilichojua, tulikuwa tumekitafuta wawili, na hata nilichokosea ulikubali kuwa tumekosea wawili.

Sasa Neema, pandisha sauti.

Mwaka jana shule moja ya sekondari, njia ya Usagara, waliniita kwenye mahafali ya kidato cha nne. Mwalimu mmoja alikuwa ameleta pampu yake kwenye karakana yangu, akaona nashona turubai huku redio ya mtu iko wazi mezani na mashine ya kutotoleshea vifaranga inanguruma pembeni, akashangaa. Akasema lazima niwaambie vijana jinsi mtu anavyoweza kujisomea fani zote hizo bila kukanyaga chuo. Nilivimba kichwa. Nikakuchukua na wewe uje unione. Ulivaa kitenge kipya, wakakukalisha mstari wa mbele pamoja na wazazi wenye miwani.

Niliongea vizuri, nisijidanganye. Halafu binti mmoja wa kidato cha pili akanyoosha mkono akauliza swali fupi: "Samahani, nani alikufundisha?"

Nilikuona, Mama. Nataka ujue hilo, nisije nikasingizia kwamba nilisahau uko pale. Ulikuwa umejiweka sawa kwenye kiti. Na mimi nikatazama pembeni nikaona walimu wenye digrii zao, nikawaza nitasemaje, nitasema nimesomea karatasi za karanga? Nikanusa ile harufu ya chumvi na mafuta kama vile ninayo mwilini. Nikashika kipaza sauti nikasema, "Hakuna. Nilijifundisha mwenyewe. Mama yangu huyo hapo mbele, hata a haijui."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Na wewe ukacheka. Ulichelewa kidogo, ukawatazama kwanza wenzako, halafu ukacheka, ukapiga makofi.

Hata sasa nikikumbuka nafumba macho popote nilipo, hata nikiwa na mteja. Mama, naona aibu. Sina neno zuri zaidi la kuipamba. Nilikudhalilisha hadharani kwa kipaza sauti, ili mimi nionekane nimeota kama uyoga.

Njiani ulisema, "Sauti yako imesikika mpaka nyuma." Hilo tu. Nikaona basi, limepita, Mama hana kinyongo.

Wiki mbili baadaye ukaja karakana. Ulikuwa na daftari jipya na penseli uliyoichonga kwa kisu cha jikoni. Ukasimama mlangoni kama mteja asiyefahamika. "Mabula," ukasema, "hiyo a yenyewe inakuwaje? Nifundishe." Na mimi nilikuwa na injini ya mtu imefunguliwa, mikono imejaa grisi, mwenye injini anafoka kwamba mtumbwi wake umekaa siku tatu. Ningeweza kukwambia jioni. Ningeweza kukwambia kesho. Nikakwambia nini? "Mama, mambo haya mtu hujifundisha mwenyewe. Mimi nani alinifundisha?"

Nilikuuliza wewe! Usoni! Yaani mtu anajua kurudisha uhai kwenye redio iliyoanguka ziwani, na hajui anamuuliza nani swali gani.

Ukasema, "Basi sawa." Jumamosi yake ukasema unakwenda Nansio kumwona Sabina na watoto, siku chache tu. Nikakupeleka bandarini, nikakubebea kikapu, nikakupungia mkono. Sasa ni mwaka, Mama. Nikiuliza utarudi lini unasema mihogo haijakomaa. Mihogo gani hiyo isiyokomaa?

Sikuandika wakati ule kwa sababu nilijiambia hujakasirika. Kweli, hukukasirika. Ungekasirika ningepona mapema. Nimeandika sasa kwa sababu ya jambo alilonieleza Dada Sabina Jumapili. Kanipigia anacheka, kasema Mama siku hizi anasoma! Neema akitoka shule mnakaa wote jikoni na mkaa, mnaandika sakafuni. Kasema neno la kwanza ulilotaka si jina lako, ulitaka Mabula. Halafu Sabina. Halafu ndipo mama. Nilifurahi, na hapo hapo nikaungua kifuani, maana mtoto wa darasa la sita amekupa kwa kipande cha mkaa kile nilichokunyima mimi na karakana yangu yote.

Lakini si hilo. Dada kasema Neema alikuuliza, "Bibi, mjomba ana akili hivi, nani alimfundisha?" Na wewe ukamjibu, "Hakuna. Alijifundisha mwenyewe."

Mama. Uwongo wangu umeubeba mpaka kisiwani. Unamfundisha mjukuu wako. Unaulinda kama ulivyozilinda zile karatasi zisitengane, kwa kuwa niliusema mimi, na unadhani ndivyo ninavyotaka. Nilikata simu nikakaa chini sakafuni pale pale kwenye vumbi la mbao. Wateja wawili walikuja wakanikuta, wakaondoka bila kuuliza.

Jumatatu nilikwenda ile shule. Nikamwomba mkuu wa shule dakika tano nizungumze na wanafunzi, nina kosa la kusahihisha. Akasema vijana wana mitihani, na walionisikia wengi wamekwishamaliza. Nikamwambia yule binti aliyeuliza bado yupo. Akanitazama, akauliza kosa lenyewe ni la fani ipi. Nilipomweleza alinivutia kiti. Akasema niandike, atabandika kwenye ubao wa matangazo. "Una uhakika?" akaniuliza. "Watakucheka." Nikamwambia ndiyo zamu yangu. Kwa hiyo barua hizi ziko mbili zinazofanana. Moja iko kwako, nyingine iko ukutani, njia ya Usagara, na kila mwenye macho ataisoma. Binti, kama ni wewe unasoma hapa, samahani. Uliuliza swali zuri, nikakupa jibu la mwoga.

Sikuombi urudi, Mama. Ningependa, nyumba imepoa, lakini sitakuomba hilo kwa barua kama mtu anayedai. Kaa na mihogo yako. Mimi nitakuja Jumamosi hii kwa meli ya mchana, na sitakuja kukufundisha chochote. Mwalimu unaye tayari na ananizidi. Nitakaa hapo jikoni nitazame mnavyofanya, na mkinituma mkaa nitaleta. Ukinitazama vibaya nitakubali. Ukinichekea, hapo ndipo sijui nitaweka wapi uso wangu.

Nimebakiza jambo moja. Nilimuuliza Dada ni herufi zipi umeshazijua, akanihesabia. Nimetafuta maneno yanayotosha humo humo, nisikupe hata herufi moja ngeni. Neema, nyamaza hapa sasa. Mpe Bibi karatasi mkononi, usimnong'oneze, hata akichukua muda. Mama, mjukuu wako alikuuliza nani alimfundisha Mabula. Msomee wewe mwenyewe:

SI MABULA.

NI MAMA.

Mwanao,
Mabula