Wagonjwa Wawili, Kitanda Kimoja

Jumatano, jioni

Nimeingia kazini jana asubuhi, nimetoka leo saa kumi jioni bila kulala, na nusura niue mtu.

Kitanda cha dirishani wanalala wawili, mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule. Cheti cha kila mgonjwa tunakitundika miguuni pake. Nikachukua kilichokuwa karibu na kichwa cha Mama Shirima, mwenye duka Kariakoo, nikasoma "penisilini", nikavuta dawa. Mama wa watu amelala fofofo kwa homa. Nimeshamshika mkono, namtafutia pa kuchoma.

"Mwanangu daktari," akasema Bibi Zuhura kutoka upande wa pili, "hiyo si sindano yangu ya mwisho? Huyu mwenzangu aliniambia penisilini ilimvimbisha koo, karibu afe."

Nikakisoma tena kile cheti. Kilikuwa cha Bibi Zuhura.

Nikaenda moja kwa moja kwa mganga mkuu, nikamweleza yote, nikaomba siku moja tu ya kupumzika. Hata hakuinua macho. "Ndugu, wenzako wilayani wako peke yao. Nchi inajengwa kwa kujitolea."

Kujitolea! Haya, mimi nimejitolea. Mama Shirima naye alijitolea lini?

Zamu yangu inaanza tena kesho saa moja asubuhi. Na kesho hiyohiyo Bibi Zuhura anaruhusiwa kwenda nyumbani.