Nusu ya Pili ya Uwanja

Des Moines, 14 Novemba 1978

Mama mpenzi,

Hamjambo huko Orsdal? Mgongo wa Baba unaendeleaje? Mimi mzima, ila miguu imevimba hadi viatu vinagoma.

Mama, ligi hii si mchezo. Mpira wa kikapu wa wanawake, wa kulipwa, ndiyo kwanza unaanza nchini, na mimi nimo! Ukumbi wetu unameza watu elfu tano. Nikiingia mazoezini asubuhi nainua macho kwenye vile viti, nasahau hata kufunga kamba za viatu.

Lakini nimeaibika. Jana nimenyang'anya mpira, nikakimbia nao, nikafika mstari wa kati, nikasimama. Tuli! Kama ng'ombe aliyeona waya wa umeme. Wenzangu wa majimbo mengine wamecheka hadi wakakaa chini. Hawajui shule zetu za Iowa: wasichana sita kila timu, walinzi watatu nusu hii, wafungaji watatu nusu ile, na ole wako ukivuka mstari wa kati. Miaka minne ya ulinzi, sijawahi kurusha mpira kikapuni kwenye mechi, hata mara moja.

Kocha kasema, "Marlys, tunafungua ligi tarehe tisa Desemba. Usipovuka siku hiyo, fungasha."

Tiketi yako hii hapa. Njoo, tafadhali.

Binti yako,
Marlys

Orsdal, 20 Novemba 1978

Mwanangu Marlys,

Barua imefika, na sisi tuna afya. Baba yako mgongo unamuuma na bado hataki kushikwa mkono. Theluji imeanza mapema.

Wamekucheka? Mwambie huyo kocha wako mwaka 1949 mimi nilikuwa mlinzi, na Delores Tjaden, aliyefunga pointi arobaini kila mechi, kwangu aliambulia sita. Hakuna aliyeniuliza, "Na wewe umefunga ngapi?" Mlinzi hafungi, mlinzi anazuia! Sasa leo uvuke ukafanye kazi ya mwenzako, kisa?

Rudi nyumbani kabla hawajakufukuza. Benki ya hapa wanatafuta karani. Tiketi nimeiona. Kuja sikuahidi.

Mama yako

Des Moines, 10 Desemba 1978

Mama,

Salamu baadaye. Kwanza nijibu: ulikwenda wapi jana?

Nilikuona, na koti lako la kanisani. Robo ya mwisho nilipopora ule mpira, mbele yangu hapakuwa na mtu. Nikaukaribia mstari wa kati, nikaanza kupunguza mwendo. Halafu nikasikia mtu anabweka kule juu, "Vuka, Marlys! Vuka we mtoto!" Watu elfu tano, na sauti yako nimeijua. Nikavuka, Mama. Nikarusha. Mpira ukazunguka juu ya pete, ukazunguka, ukaingia.

Tumefungwa kwa pointi nane, ila kocha kaniambia, "Jumatatu, mazoezi saa tatu. Usichelewe." Nimebaki! Nikageuka nikuone, kiti kitupu. Umenikasirikia?

Marlys wako

Orsdal, 13 Desemba 1978

Mwanangu,

U mzima? Miguu imepoa? Sisi salama.

Sijakukasirikia hata kidogo. Hukuyaona yaliyotokea nyuma yako. Ulipokanyaga ule mstari, wanawake wa rika langu waliokaa safu yangu walisimama wote, kabla hata hujarusha. Mmoja simjui kabisa, kanishika mkono akanibana vidole hadi vikauma. Wote wale waliwahi kuwa walinzi kama mimi, niliwatambua hata bila kujua majina. Maisha yangu yote sijaona kitu kikubwa kama kile, na aliyekifanya nimemzaa mimi.

Nimeondoka kwa wivu, Marlys. Nimeuona wivu wangu mwenyewe, nikajionea haya, nikatoka usinione.

Jumapili sikwenda kanisani. Baba yako anajua nina mafua, na wewe usimwambie lingine. Nimemwomba mwalimu mkuu ufunguo wa ukumbi wa shule, ule ule niliochezea. Nimesimama kwenye mstari, na miaka yangu arobaini na sita, moyo unanidunda kama mwizi. Nikavuka. Kule upande wa pili, mwanangu, ni pakubwa!

Nimekosa mara kumi na nne. Ya kumi na tano imeingia, na nimepiga kelele hadi bawabu wa shule akaja mbio kuuliza nani kaumia.

Mama yako,
mwenye pointi mbili