Mama, Dawa ya Nywele Iache Huko

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limeacha kukusumbua. Sisi hatujambo, ila usingizi tu. Mdogo anaota meno, nami nikitoka kukunja mashuka kule kwa dobi nafika nyumbani miguu si yangu.

Salamu zako zimefika: kwamba utakuja shule zikikaribia kufunguliwa, na utamletea mjukuu wako, huyo mke mwenzio, dawa ya kulainisha nywele, maana sasa ni msichana wa shule. Yeye aliruka kwa furaha. Mimi nilifurahi nusu, Mama, na hiyo nusu nyingine ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Tangu nimzae huyu mdogo, nywele zangu zilikuwa zikibaki kwenye chanuo kama manyoya ya kuku. Nikaacha dawa, nikanunua hina. Ya kwanza niliiharibu. Nilikoroga unga bila kuuchekecha, nikapaka papo hapo, nikaiacha ikanikaukia kichwani. Kuitoa ilikuwa vita! Baba watoto alinimwagia maji huku akicheka, akaniuliza kama ameoa mke au embe bivu, maana hata sikio lilikuwa jekundu.

Jirani yetu, fundi cherehani, ndiye aliyeninusuru. Kwanza alinisema vizuri, kwamba hina si saruji, haingojwi ikauke. Kisha akanionyesha: uchekeche, ukoroge na maji ya uvuguvugu, uiache mpaka ianze kutoa rangi, upake kwenye nywele safi, ufunge mfuko wa plastiki, ukishasuuza, mafuta. Haikuniotesha nywele mpya, nisikudanganye, lakini zilizopo zimepata nguvu, hazikatiki ovyo.

Mke mwenzio hukaa pembeni akinitazama, anasema napaka uji wa majani. Juzi akaniuliza kama ile dawa ya bibi inauma.

Mama, kuna jambo sijawahi kukuambia. Nyuma ya sikio langu la kushoto pana mahali hapaoti nywele tangu nilipokuwa na umri kama wake. Siku ile dawa iliponichoma uliniambia nivumilie kidogo, uzuri hauji bure. Nikavumilia mpaka ngozi ikabanduka. Nilikuficha kwa sababu ulikuwa umenisifu kwamba mwanao halii. Tangu hapo nasuka kupafunika. Baba watoto mwenyewe alipaona siku ile ananisuuza hina, na kicheko kikamkatika.

Sikulaumu. Ulitaka nipendeze, nami najua ulivyonipenda. Lakini kichwa cha mwanangu hakitiwi dawa, Mama. Si na wewe, si na wifi, si na mimi niliyemzaa. Hata hina simpaki bado. Mafuta na chanuo pana vinamtosha. Akikua ataamua mwenyewe. Ukiona nimekosa adabu, nigombeze ukifika, nitakaa nikusikilize, na jibu litakuwa hilihili.

Msalimie sana Baba, na majirani wote wanaoniulizia. Ila usiache kuja, tena uje mapema. Mjukuu wako anataka umsuke wewe kwa siku yake ya kwanza shuleni, nami nimemwahidi kwamba mikono ya bibi yake haiumi.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Kitindamimba wako